Mtoto Asiye na Mjomba: Historia Fupi ya Kambi za Watoto Masasi na Newala



Wapendwa waamini, juma lililopita viongozi wa Utoto Mtakatifu walituletea orodha ya watoto watakaokwenda kambi ya likizo ya Juni. Tuliisoma mara mbili. Majina yalikuwa machache, na karibu yote tuliyatambua: mtoto wa mwalimu, watoto wawili wa mwenye duka, mtoto wa karani wa chama cha msingi, mjukuu wa kiongozi mmoja wa Halmashauri ya Walei. Wale wanaofika wa kwanza kanisani siku za juma, wakiwa pekupeku, na kutumikia Misa ya asubuhi kabla ya kwenda shuleni, hawakuwamo. Tulipouliza sababu, tukajibiwa kwa upole kwamba wazazi wao hawakukamilisha mahitaji. Na mahitaji hayo tuliyaandika sisi wenyewe: shuka mbili, godoro jembamba, sahani, kikombe, raba za michezo, sare mpya ya chama, nauli ya kwenda na kurudi, na mchango wa chakula. Hakuna aliyetuamuru kuyaandika hivyo. Tuliona ndivyo kambi inavyopaswa kuwa.

Kabla ya kuirekebisha karatasi ile tumeona vema tutazame nyuma kidogo. Nchi hii ya Masasi na Newala, kuanzia vilima vya mawe vya Masasi hadi ukingo wa uwanda wa juu wa Wamakonde unaotazama Ruvuma, si ngeni kwa kambi za watoto. Wazee wetu walikuwa wakiwapeleka watoto kambini kabla misheni yoyote haijafika.

Tunasema habari za jando, ambalo Wamakonde huliita likumbi. Yale ya ndani hayaandikwi, na wazee watatushukuru kwa kutoyaandika. Lakini mpangilio wake wa nje kila mtu anaujua, nao una hekima ambayo haijatazamwa vya kutosha. Wavulana wa kijiji, au wa vijiji kadhaa vya jirani, waliingia pamoja, wakanyolewa pamoja, wakatahiriwa na ngariba, wakakaa porini kwa majuma mengi chini ya manyakanga na walezi wao. Walijifunza adabu, kazi, nyimbo, na heshima kwa wakubwa. Walipotoka waliogeshwa, wakapakwa mafuta, wakavikwa nguo mpya, wakapewa majina mapya. Mtu aliyewaona siku ile hakuweza kumtambua mtoto wa mwenye mji na mtoto wa mjane.

Mtoto wa mjane alifikaje kule? Tunaona njia mbili.

Ya kwanza ni majira. Jando lilifanyika wakati wa kipupwe, baada ya mavuno. Sababu ya kwanza wanayoitaja wazee ni kwamba kidonda hupona vizuri wakati wa baridi na ukavu. Lakini iko nyingine: huo ndio wakati ambao ghala la kila nyumba, hata la maskini, lina kitu. Mama asiye na ng'ombe wala bidhaa aliweza kutoa mtama wake, mihogo yake, na mgongo wake. Tunasema mgongo kwa sababu uwanda wa juu hauna mito. Karl Weule, mtaalamu wa Kijerumani kutoka makumbusho ya Leipzig aliyefika Masasi na Newala mwaka 1906 na kuandika juu ya sherehe za unyago, aliikuta Newala ikiteseka kwa maji, nayo iliendelea kuteseka hadi mradi wa maji wa Makonde ulipoanza katika miaka ya 1950, na hata baada ya hapo. Kambi ya watoto juu ya uwanda maana yake ilikuwa wanawake kushuka bondeni na kupanda na mitungi kichwani, kutwa nzima. Kwa hesabu hiyo, mjane mwenye nguvu hakuwa mwombaji. Alikuwa mchangiaji kamili.

Ya pili ni mjomba. Wamakonde, Wamakua na Wayao wanahesabu ukoo kwa upande wa mama. Mtoto kukosa baba, au kuwa na baba asiye na kitu, hakukumfungia njia, kwa sababu aliyekuwa na wajibu wa kumpeleka ni ndugu wa mama yake. Mjomba ndiye aliyezungumza na mwenye mji, ndiye aliyemridhisha ngariba, ndiye aliyetafuta nguo ya kutokea. Na kama mjomba mmoja alishindwa, ukoo ulikuwa na wajomba wengi.

Lakini ukoo una mipaka yake, na mipaka hiyo ilionekana hapa Masasi mapema kuliko mahali pengi. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa UMCA, misheni ya Kianglikana iliyokuwa na makao Unguja, aliondoka Lindi na kundi la watu waliokombolewa utumwani, wanaume kwa wanawake, akawapa makao chini ya kilima cha Masasi. Watu hawa walitoka makabila mbalimbali. Wengi walichukuliwa wakiwa wadogo mno hata wasiweze kueleza kwao ni wapi. Walijenga, wakalima, wakaoana, wakapata watoto. Sasa tuwafikirie watoto hao walipofikia umri wa jando katikati ya majirani Wayao na Wamakua: nani alikuwa mjomba wao? Mama aliyenyakuliwa njiani na kuuzwa pwani hakuwa na kaka wa kumtafuta. Katika nchi inayompeleka mtoto kambini kwa mkono wa mjomba, hawa walikuwa maskini kuliko wote, hata kama walikuwa na kuku na shamba.

Mwaka huohuo wa 1876, mbali sana na Masasi, mchungaji Mprotestanti wa mji wa Zürich, Uswisi, jina lake Hermann Walter Bion, aliwatazama watoto wa mitaa ya wafanyakazi waliodhoofika kwa hewa mbaya na chakula haba. Aliomba michango, akawachukua watoto 68 na kuwapeleka katika milima ya Appenzell kwa majuma mawili ya likizo. Wanahistoria wengi huuhesabu huo kuwa mwanzo wa kambi za likizo kwa watoto maskini barani Ulaya, zilizoenea baadaye hadi Ufaransa, Italia na kwingineko. Kuchunga watoto nje ya nyumba halikuwa jambo jipya. Jipya lilikuwa kwamba mtoto alikwenda kwa fedha za watu asiowajua. Kwa lugha ya kwetu, Bion alimtafutia mjomba mtoto asiye na mjomba.

Sisi Wakatoliki tunaye Mtakatifu Yohane Bosco, aliyetangulia hata huko. Hadi mwaka 1864 alikuwa na desturi ya kuwatoa vijana wake wa Torino, wengi wao yatima na vibarua, akitembea nao kwa miguu majira ya baada ya joto hadi Becchi alikozaliwa, kwa sikukuu ya Rozari. Baadaye safari zilirefuka hadi vilima vya Monferrato. Walikwenda na bendi yao. Walilala na kula kwa ukarimu wa maparoko na watu wenye nafasi waliokuwa njiani. Hatujapata kusikia kwamba kijana aliachwa Torino kwa kukosa raba.

Turudi Masasi. Kwa miaka mingi wamisionari hawakujua walifanyie nini jando. Kulikataza kulimaanisha kumwambia Mkristo kwamba mwanawe atabaki mtoto maisha yake yote mbele ya majirani na asipate mke. Kuliacha lilivyo kulimaanisha kumpeleka mbatizwa kwenye matambiko ambayo ameyakana. Walioumia zaidi ni mapadre Waafrika wa Kianglikana, kwa kuwa jambo hilo liliwagusa ndani ya nyumba zao. Padre Cecil Majaliwa, aliyepata upadre mwaka 1890 na kuhudumu Chitangali kati ya Wayao, alikuwa wa kwanza wao. Baada yake wakaja wengine, akiwamo Padre Kolumba Msigala, ambaye ameacha kumbukumbu zake kwa maandishi. Mwaka 1909 aliwasili Padre Mwingereza, William Vincent Lucas. Mnamo 1913 lilifanyika jando la Kikristo, likiwa na sala na Misa, chini ya usimamizi wa Kanisa, matambiko na ulevi vikiwa vimeondolewa. Lucas akawa Askofu wa kwanza wa Kianglikana wa Masasi mwaka 1926, akakaa hadi 1944, na sifa yote ya jambo hilo ikaenda kwake. Watafiti wa siku za karibuni wamelisahihisha hilo wakionesha kwamba waliolitaka, waliolijadili na kulibeba ni wale mapadre wazalendo. Nasi tunaona ni haki kusema hivyo, japo hawakuwa wa Kanisa letu.

Kwa wasichana kazi ilikuwa ngumu zaidi, na matokeo yake hayakuwa ya kujivunia kwa kiasi kilekile.

Jambo linalotuhusu leo ni hili: Kanisa lilipoichukua kambi, lilichukua pamoja nayo swali la nani analipa. Mtoto wa Kikristo hakuingia tena kwa ukoo peke yake bali pia kwa ubatizo wake. Padre akasimama mahali pa mwenye mji. Wasimamizi wa ubatizo na jirani wa kanisani wakasimama pale ambapo ukoo ulikosekana. Hatusemi kwamba yote yalikwenda vizuri. Kuna hasara ambayo haitajwi mara nyingi: kambi ya zamani iliwakusanya wavulana wote wa nchi, ile mpya iliwagawa. Binamu aliyebatizwa akaenda huku, binamu asiyebatizwa akaenda kule, na watu waliotahiriwa msimu mmoja, ambao zamani wangekuwa ndugu hadi kaburini, wakawa wageni nusu. Kila unapoweka mlango kwenye kambi kuna mtu anabaki nje, na aliyeuweka huwa wa mwisho kuligundua hilo.

Kanisa Katoliki katika nchi hii lilikwenda taratibu zaidi. Wabenediktini walifika Lukuledi mwaka 1895 na Nyangao baada yake. Misheni zote mbili ziliharibiwa katika vita vya Maji Maji mwaka 1905, na mwaka 1906 ukaanza ujenzi wa Ndanda. Wamisionari wetu wa kwanza walilitazama jando na unyago kwa shaka kubwa. Tusiwahukumu kwa haraka, maana walikuwa wametoka kuzika wenzao. Hata hivyo Kanisa lenyewe lilikuwa na neno la zamani juu ya mambo haya. Mwaka 601 Papa Gregori Mkuu alimwandikia Abate Mellitus, aliyekuwa akienda kuwahubiria Waingereza, kwamba mahekalu yao yasibomolewe bali yatakaswe, na karamu zao zisifutwe bali zielekezwe kwa Mungu. Na mwaka 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Konstitusio juu ya Liturujia, namba 65, ulifundisha kwamba katika nchi za misheni yaliyomo katika taratibu za jadi za kuwaingiza vijana utu uzima yanaweza kupokelewa, pale yanapoweza kupatana na ibada ya Kikristo.

Yuko mtu mmoja aliyeunganisha nyuzi hizi zote katika maisha yake, na vijana wetu hawamjui. Ni Daktari Leader Stirling, Mwingereza, aliyefika Lulindi, Masasi, mwaka 1935 kama daktari wa misheni ya Kianglikana. Alifanya upasuaji katika majengo ya miti na udongo. Alianzisha skauti kijijini, akiamini kwamba mtoto wa shamba anastahili kambi, moto wa jioni na ahadi ya heshima kama mtoto yeyote wa Ulaya. Mwaka 1949 alipokelewa katika Kanisa Katoliki, akaenda kufanya kazi hospitali ya Mnero, wilaya ya Nachingwea. Baadaye alikuwa Mbunge, na kati ya 1975 na 1980 Waziri wa Afya. Kwa miaka mingi alikuwa Skauti Mkuu wa Tanzania. Alifariki mwaka 2003. Skauti nao wana sare, na sare inagharimu. Lakini shabaha ya sare ni ileile ya nguo mpya za jando: mtu asijue nani ni nani. Sare inayompa mama sababu ya kumwacha mtoto nyumbani imekwisha kupoteza shabaha yake.

Tuseme sasa juu ya Utoto Mtakatifu wenyewe, kwa kuwa kambi ni yao. Shirika hili lilianzishwa na Askofu Charles de Forbin-Janson wa Nancy, Ufaransa, mwaka 1843, nalo likafanywa la Kipapa mwaka 1922. Agizo lake la kwanza lilikuwa fupi: kila mtoto asali sala fupi kila siku na atoe sarafu ndogo kila mwezi kwa ajili ya watoto wengine. Sarafu hizo zilifika hadi kwetu. Mapadre wa Roho Mtakatifu waliofungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868 walizitumia kuwakomboa na kuwalea watoto waliokuwa wakiuzwa sokoni. Baadhi ya watoto wa aina hiyo walipitishwa katika njia za misafara zilizokatiza nchi hii kutoka Ziwa Nyasa kwenda pwani. Kwa hiyo shirika ambalo jina lake limeandikwa juu ya karatasi yetu ya mahitaji lilitumika kumlipia mtoto asiye na mtu. Tumeisoma tena karatasi ile kwa aibu.

Imebaki kueleza kwa nini wazazi wengi hawakukamilisha. Tumesikia maneno ya uvivu na ulevi, na pengine kwa mmoja au wawili ni kweli. Lakini sababu kubwa ni kalenda. Fedha ya nchi hii ni korosho. Katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna takriban tani 145,000, nyingi zikitoka kusini. Kisha watu walihamishiwa vijijini mbali na mikorosho yao, bei ikaanguka, ugonjwa wa ubwiri unga ukaingia, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000. Mikorosho imerudi, dawa ya salfa imesaidia, na tangu 2007 tunauza kwa stakabadhi ghalani. Lakini mnada hufanyika kuanzia Oktoba, na malipo huingia kuelekea Noeli, au baadaye zaidi. Wote tunakumbuka Novemba 2018, Serikali ilipotangaza kununua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na miezi ambayo wengine walisubiri malipo. Ikifika Juni, fedha ya korosho imekwisha, na kilichosalia kinatafutiwa salfa ya kupulizia.

Wazee waliweka kambi wakati ghala limejaa. Sisi tumeiweka kambi wakati wa likizo ya shule, ambalo ni jambo la lazima, lakini tumedai ilipwe kwa fedha wakati ambapo fedha haipo. Chakula kipo Juni, maana mahindi na mihogo vimetoka shambani. Mjane anaweza kuleta unga leo. Hawezi kuleta nauli.

Kwa hiyo, baada ya kushauriana na Halmashauri ya Walei, WAWATA na makatekista, tumeamua yafuatayo. Karatasi ya mahitaji imefutwa. Kambi ya mwaka huu itakuwa na kitu kimoja cha lazima, mtoto mwenyewe. Mwenye unga alete unga, na mwenye nguvu za kuchota maji au kupika aandikishwe kwa katekista kwa hesabu ileile ya mwenye fedha. Watoto wote watalala kwenye mikeka ya parokia, akiwamo mtoto wa mwalimu, na biskuti na soda za mtu mmoja mmoja zibaki nyumbani. Nauli ya mwaka huu tumeikopa katika mfuko wa ukarabati wa paa, na mvua bado ziko mbali.

Deni hilo tutalilipa kwenye msimu. Hatutapokea korosho zenyewe parokiani, ili mtu asije akasema Baba Paroko ameanza kangomba. Tunaomba kila nyumba, ikisha kulipwa na chama chake cha msingi, itoe bei ya kilo moja kadiri ya mnada wa juma hilo. Bei ikipanda tumepanda wote, ikishuka tumeshuka wote. Nyumba isiyo na mkorosho hata mmoja haidaiwi. Fedha hiyo italipa deni la paa, na itakayobaki itafungiwa kwa ajili ya kambi ya mwaka ujao. Katika kila jumuiya ndogo ndogo atachaguliwa mtu mmoja wa kuwapeleka kambini watoto ambao hawana wa kuwapeleka, kuwasindikiza hadi kwenye basi, na kuwapokea wanaporudi. Tulijadili sana aitwe nani. Kijana mmoja alipendekeza mratibu. Bibi mmoja wa WAWATA, Mmakonde wa Newala, akacheka, akasema jina lipo tangu zamani, aitwe mjomba.

Majina ya wajomba yafike ofisini kabla ya Dominika ya Utatu Mtakatifu. Wanawake wanaruhusiwa.